Dawa Mkononi mwa Mpole

Mtaa mzima ulimwita Mpole, na jina lenyewe lilitia kichefuchefu. Mpole gani, jamani? Mbele za watu aliongea kwa sauti ya chini, akawabebea majirani mizigo. Akishafunga mlango wa kwake, mkewe ndiye aliyejua kilichofuata. Mkewe alikuwa dobi, mpiga pasi katika duka la kufulia nguo, mwanamke wa utani na maneno mengi mpaka ndoa hiyo ilipomfunga mdomo. Siku hizi alivaa mikono mirefu katikati ya joto la pasi, jasho likimtiririka, akidai ana baridi.

Michubuko alishaizoea. Kilichomtisha ni kingine: alianza kuwaza kufa. Wazo lilimjia akikunja mashuka, akichota maji, hata akicheka na wateja, na kila lilipokuja lilikawia kuondoka. Alimwambia wifi yake, wifi akamjibu avumilie, kwani nani hapigwi. Alimwambia mama yake mzazi, mama akalia, kisha akauliza majirani watasemaje. Ptuu! Wote wawili waliliona jicho limevimba, wote wawili walimpa chai, na hakuna aliyemwambia alale pale.

Basi mchana mmoja akamwachia shoga yake wa kazini pasi, akaenda zahanati. Muuguzi wa zamu alikuwa mama mtu mzima, mwenye roho nzuri kweli, hilo hatumnyimi. Dobi akasema kwa shida kwamba anawaza kufa, na anaogopa atajidhuru. Muuguzi hakushtuka wala hakumhubiria. Alimshika mkono, akamwambia amefanya vyema kuja, akamkalisha chumba cha ndani. Lakini zahanati ile ilikuwa na utaratibu wake: mtu akitamka kufa, kwanza aitwe wa nyumbani kwake aje kumlinda, sababu yenyewe ataiuliza daktari baadaye. Namba iliyokuwa kwenye kadi ni ya mume. Muuguzi akatoka nje, akapiga.

Mpole alifika upesi, shati limenyooka, machozi yako tayari. Akapiga magoti, akamwita mkewe mama watoto, akamwita kipenzi. Daktari, aliyekwisha kuingia pamoja na muuguzi, akaguswa. Akamwambia dobi ana bahati, wanaume wengi wakiitwa hawaji. Kisha akamkabidhi Mpole pakiti ya dawa, akamwagiza azitunze yeye, ampe mkewe kwa mkono wake mwenyewe, na asimwache peke yake hata dakika moja. Hata dakika moja! Mpole aliitikia kwa unyenyekevu, na chini ya meza kisigino chake kikamkanyaga mkewe vidole vya mguu.

Kinyaa kilimpanda dobi. Alimwonea kinyaa mtu huyo na sauti yake tamu, akazionea kinyaa hata zile pongezi. Hofu ilikuwepo, ila kinyaa kiliipita. Alijua kwamba akitoka na huyu leo hatapata tena ruhusa ya kurudi hapa, na lile wazo litamshinda.

"Muuguzi," akasema, "huyu mnayempa dawa ndiye ninayemkimbia."

Akakunja mikono ya blauzi mpaka juu, akaiweka mezani.

Daktari alianza kusema labda wana ugomvi mdogo wa nyumbani. Mpole akatabasamu kwa huzuni, akasema mnaona wenyewe, ndivyo anavyochanganyikiwa. Muuguzi hakumsikiliza hata mmoja wao. Aliichukua pakiti mkononi mwa Mpole, akamsukumia nje kwa bega lake nene, akafunga mlango kwa ufunguo. Akarudi akavuta kiti karibu na dobi.

"Nimemwita mimi, mwanangu. Nisamehe. Leo hurudi kule. Nikuitie nani?"

Dobi akamtaja shoga yake wa kazini. Safari hii muuguzi alipiga simu mbele yake, kisha akamuuliza lile swali lililostahili kutangulia, nini kimempata. Daktari naye akakaa kusikiliza. Dobi akaanza kueleza, na hakuna aliyemkatiza.

Nje kwenye korido Mpole alikuwa akiwaambia wagonjwa, kwa sauti yake ya chini, kwamba mkewe ameharibikiwa akili lakini yeye kamwe hatamwacha. Wakampa pole. Bibi mmoja mwenye bandeji mguuni akainuka kwa tabu, akampisha kiti.