Mbuzi Tisa kwa Sababu ya Sokwe

Mambo haya kwa jumla yametembeza mbuzi tisa, na hakuna hata mmoja aliyepokelewa. Nimehesabu mara mbili kama kawaida yangu, na hesabu haibadiliki: watatu miaka ya sabini ikielekea mwisho, watatu baada ya ule ukame mkubwa wa themanini na nne, na watatu mwezi uliopita. Mimi ni dalali wa mbuzi katika soko la Zombe. Nimewahi kumuuza mbuzi mwenye jicho moja bovu kwa mtu aliyekuwa amesimama upande wa jicho lenyewe. Lakini mzee mmoja wa Kanyangi amenishinda, na amenishinda kwa sababu hataki kuongezwa kitu.

Baba yetu alikufa mapema, nami nikamsomesha mdogo wangu kwa faida ya mbuzi. Akawa mwalimu wa bayolojia katika shule ya harambee. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuacha jambo likiwa limesemwa nusu. Ukimwambia mvua imenyesha, atakuuliza ni mvua au ni manyunyu. Mtu wa namna hiyo hafai sokoni hata siku moja, ndiyo maana nilimpeleka shule.

Akampenda binti wa mzee huyo wa Kanyangi, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Sasa, kwetu Ukambani mke si mke mpaka ntheo ifike. Ntheo ni mbuzi watatu, majike wawili na dume mmoja wa kuchinjwa siku hiyo. Mahari mengine yanaweza kungoja hata wajukuu wazaliwe, lakini hao watatu hawangoji. Bila hao, watoto ni wa ukoo wa mama yao. Na binti yako akija kuposwa, wewe huwezi kupokea mbuzi wake, kwa sababu hukumtolea mama yake.

Basi tukapanda lori na mbuzi wetu. Utingo alitutoza nauli sawa sawa, watu na mbuzi. Nilipobisha akasema, "Anayepumua analipa." Sikujua kwamba hayo yalikuwa mafundisho.

Tulipokewa vizuri. Chai, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, maombi marefu. Halafu wazee wakaanza kuulizana koo. Hapo huwa hakuna haraka. Babu yako nani, nyanya yako alitoka wapi, yule aliyemzaa alihamia kutoka upande gani. Wanarudi nyuma kizazi baada ya kizazi, wakitafuta kama kuna mahali hawa wawili wanakutana kwa babu mmoja. Wakimpata, unamaliza chai yako unakwenda nyumbani. Walitafuta, hawakumpata. Nikawaomba warudie, maana mimi siamini hesabu ya mara moja. Hawakumpata tena.

Mzee akaweka kikombe chini. Kombeo lake lilikuwa kando ya kiti. Msimu huo nyani walikuwa wamemtesa.

"Kijana," akamwambia mdogo wangu, "sisi tumetafuta babu wa pamoja tumemkosa. Lakini nasikia wewe huko shuleni unaye mwingine. Ati unafundisha watoto kwamba tumetoka kwa nyani."

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Hao nyani wamemaliza mahindi yangu," mzee akaendelea. "Kama ni watu wa ukoo wenu, ukoo ulipe. Si ndiyo sheria yetu? Mtu akiharibu, ukoo unalipa."

Wazee wakacheka. Nami moyo ukatulia, kwa sababu mtu anayetania bado ananunua.

"Mzee," nikasema, "tukianza kuwalipia hao, kesho watatuletea na madeni ya shangazi zao."

Wakacheka zaidi. Mzee mwenyewe alitabasamu kidogo. "Basi sitaki maneno mengi," akasema. "Mwalimu aseme hapa, mbele ya wazee, kwamba hatukutoka kwa nyani. Nami nishike kamba ya mbuzi."

Nilitaka kucheka kwa furaha. Nilikuwa nimemsikia mdogo wangu nyumbani mara nyingi, nikajua hayo ndiyo anayofundisha hasa: kwamba hatukutoka kwa nyani. Sijawahi, kabla ya siku hiyo wala baadaye, kutajiwa bei ambayo tayari nilikuwa nayo mfukoni.

"Hatukutoka kwa nyani," mdogo wangu akasema. Wazi kabisa.

Mzee akainuka. Akashika kamba ya dume. Mtu mmoja akaanza kutafuta kisu. Kumbe mdogo wangu hakuwa amemaliza.

"Nyani ni jamaa wa mbali, baba. Walio karibu nasi ni sokwe. Na hata sokwe, hatukutoka kwao. Ni kama mlivyokuwa mkihesabu sasa hivi. Unarudi nyuma kizazi kwa kizazi, unapita koo zote, unazidi kurudi, mpaka unamfikia babu mmoja ambaye si mtu na si sokwe. Wajukuu wake wengine wakawa wao, wengine wakawa sisi."

Kamba ikaanguka.

Mama wa msichana alikuwa mlangoni na birika. "Uui, mwanangu," akasema polepole. "Si ungenyamaza hapo tu."

Mzee mmoja wa ukoo wao alijaribu kuokoa mambo. "Huyo sokwe anakaa wapi?"

"Misituni, Uganda na kuendelea huko magharibi."

"Hajawahi kufika Kitui?"

"Hajawahi."

"Basi huyu hata mahindi hakula. Tunamgombania wa nini?"

Lakini mwenye boma alikuwa ameshaingia ndani, na aliyeingia ndani hauziwi. Tukarudi na mbuzi wetu, nauli ileile. Mbuzi aliyesafirishwa kwenda na kurudi huonekana kama ametoka hospitali. Niliwauza kwa hasara wote watatu.

Msichana alimfuata mdogo wangu bila ntheo. Wakahamia Makueni, katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa, wote wawili wakifundisha. Wakapata binti. Mama yake alikuwa akimpeleka Kanyangi kila likizo, na babu yake akampenda kuliko wajukuu wote. Mdogo wangu alikuwa akiwasindikiza na kuishia kituoni.

Nilipomtembelea nilimwambia, "Wewe, sokwe anakulipa?"

Hakukasirika. Alitoa kitabu chake, akafungua picha ya mkono wa sokwe, akauvuta mkono wangu akauweka kando yake. Kidole gumba, kucha bapa, mikunjo ya kiganja. Nilihesabu vidole vyake, kisha vyangu. Sikupenda nilichoona, lakini sikuweza kusema sikukiona.

"Hiyo habari kwamba tulitoka kwa nyani," akasema, "unafikiri ilianzia wapi? Kuna mwalimu mahali fulani aliishia katikati. Nikisema nusu, nusu iliyobaki watu watajaza wenyewe."

Baada ya ukame nilikwenda Kanyangi peke yangu na mbuzi wengine, nikamwambia mzee nitayasema mimi hayo maneno kwa niaba ya mdogo wangu, hata katika kanisa akitaka. Hakuniruhusu niingize mbuzi ndani ya boma.

"Wewe," akasema, "ungesema hata umezaliwa na lori, mradi mbuzi wauzike."

Nikawageuza mbuzi kuelekea barabarani, maana ni kweli.

Sasa ni miaka ishirini tangu siku ile ya kwanza. Binti amekuwa mkubwa, anasomea uuguzi. Kijana wa Tseikuru anamtaka, ni mtu mzuri, nimemchunguza mara mbili. Watu wake watakuja Desemba na mbuzi wao watatu, na sisi hatuwezi kuwapokea. Ndiyo sababu mwezi uliopita nilipanda lori kwa mara ya tatu, na mbuzi wengine watatu.

Nilimkuta mzee shambani, kwenye kivuli cha kibanda cha kulindia. Macho yamepungua na mkono hauna nguvu ya kombeo, lakini bado analinda. Niliketi kando yake, maana sote wawili tumechoka. Halafu, bila mimi kumuuliza, akaniambia kwamba msimu uliopita aliona nyani jike amebeba mtoto aliyekufa. Alimbeba siku nyingi, mpaka mtoto akakauka kama ngozi. Alipokuwa akila mahindi alimweka chini, akimaliza anamchukua tena.

"Ulimrushia jiwe?" nikamuuliza.

"Sikumrushia," akasema. "Mke wangu alipofiwa na wetu wa kwanza, tulimtoa mtoto mikononi mwake kwa nguvu."

Nikafikiri kazi imekwisha. Nikageuka kuwatazama mbuzi.

"Usiwatazame mbuzi," akasema. "Nilichoona nimeona. Lakini mimi ni mzee wa kanisa tangu ujana. Mwambie aje aseme kile cha kwanza mbele ya watu, kwamba hatukutoka kwa nyani, halafu anyamaze. Mimi nitajua kuna kingine. Mungu atajua. Kanisa litakuwa halijasikia."

Nilikimbia Makueni nikiwa na furaha ya mpumbavu. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akajisugua macho.

"Kaka, nikinyamaza hapo nitakuwa yule mwalimu aliyeishia katikati. Wanafunzi wangu ni watu wazima sasa, wengine wako katika kanisa hilo hilo."

Mkewe alikuwa akichambua ndengu. Hakuinua kichwa. "Nyinyi na baba yangu mnagombania babu aliyekufa zamani," akasema, "na mtoto wangu yuko hai."

Binti mwenyewe alinisindikiza kituoni. Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Aliniambia tu, "Baba mkubwa, si wewe ndiye dalali?"

Maisha yangu yote nimekata tofauti katikati. Mmoja anataka mia, mwingine anatoa themanini, mimi nasema tisini tunakwenda kunywa chai. Hapa kumebaki nusu ya sentensi, na kila nikiikata, mmoja wao anatoka damu. Mzee haongezi. Mdogo wangu hapunguzi. Desemba inakuja.

Wewe unayesoma, pengine umewahi kusimama kati ya watu wawili wa kweli namna hii. Mbuzi watatu wa mwisho bado ninao, sijawauza, nawalisha kila asubuhi. Niambie: niwapakie lori lipi, la Kanyangi au la Makueni, na nikifika nianze na neno gani?