Uzio wa Imiyenzi

Kabla hujaniuliza, nakujibu. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, wala haikuwa usiku. Jua lilikuwa utosini. Wanaosimulia mambo ya namna hii hutafuta giza, na wewe unayesikiliza unajisemea moyoni, aa, ni giza tu lile. Mimi sina giza la kukupa. Nina mdogo wangu Faustini, na ukitaka nitakupeleka ukamwone.

Tulizaliwa Ngara, Tanzania, tukarudi Rwanda pamoja na wazazi. Tulikuwa na kitalu cha miche Kibagabaga. Watu wengi hapa Kigali wanataka maua ya ng'ambo, yale ya kunyweshwa maji kama mtoto mchanga. Sisi tuliuza mimea ya milima yetu, inayostahimili kiangazi bila kubembelezwa. Faustini ndiye aliyeipenda hasa. Alikuwa akisimama mbele ya umuko, mti ule unaopukutisha majani yote wakati wa ukame kisha ukawaka maua mekundu kwenye matawi matupu, anasema, "Dada, tazama. Wenzake wanalia, huu unajipamba."

Basi mwenye hoteli moja ya Kiyovu akatuita. Alitaka bustani kama mlima mkavu: mawe, mishubiri, na ukuta wa imiyenzi iliyokomaa. Imiyenzi ni ile minyaa ya vijiti vya kijani isiyo na majani, yenye utomvu mweupe. Faustini alifurahi mno. Mkewe Klementina alikuwa mjamzito, na walitaka kuhama kwenye chumba cha kupanga. Tukapata ruhusa ya wenye mlima mmoja nje kidogo ya mji, tukaenda.

Mlima ule ulikuwa umekauka hadi nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Tuling'oa mishubiri kati ya mawe. Karibu na kilele tukakuta imiyenzi mizee, mirefu kuliko mtu, imejipanga pande nne. Katikati hapakuwa na kitu. Magugu tu, na umuvumu mmoja mnene, ule mti wa jamii ya mkuyu ambao wazee waliupanda nyuani. Faustini akachukua panga.

"Ngoja," nikamwambia. "Hii ilipandwa."

"Ilipandwa zamani, dada. Nyumba iko wapi?"

Akakata shina la kwanza. Hapo ndipo yule mama aliposema, "Lango liko upande wa pili. Mbona mnapita ukutani?"

Alikuwa amesimama ndani ya uzio, mtu mzima, kitambaa kichwani, kibuyu mkononi. Alisema Kinyarwanda cha taratibu, kama mtu anayewakaribisha wageni wasio na adabu. Niamini, sikuogopa. Ningeogopa nini? Ni mama wa kawaida. Nilichojiuliza ni kwa nini sikuzisikia nyasi zikivunjika alipokuja.

"Mwiriwe, mama," Faustini akamsalimu. "Tusamehe. Hapa hapana nyumba, na wenye mlima wametupa ruhusa."

Yule mama alimtazama machoni. Faustini, kwa aibu nadhani, akainamia kazi yake na kukata shina la pili kwa nguvu, na utomvu ukamrukia macho yote mawili.

Umewahi kumsikia mtu mzima akilia kwa utomvu wa imiyenzi? Alianguka, akajisugua kwa mikono yenye vumbi, na ikawa mbaya zaidi. Maji yetu yalikuwa garini, chini kabisa. Nikageuka nikimbie, lakini yule mama alikwisha kupiga magoti. Alimshika kichwa, akamimina maji ya kibuyu machoni polepole, akampangusa kwa pindo la nguo yake. Alikuwa akimwambia, "Pole, mwanangu. Sasa utaona." Nilidhani anamfariji.

Faustini akafungua macho. Hakunitazama mimi. Akatazama katikati ya uzio, akasimama, akavua kofia.

"Mwiriwe," akasema. Akageuka kidogo. "Mwiriwe, mzee. Mwiriwe, mama." Akanyoosha mkono kuupa upepo, na mkono ukatikisika kama mkono unaotikiswa na mwingine.

Nikamgeukia yule mama nimuulize amempaka nini. Hakuwapo. Nyasi alipopiga magoti zilikuwa zimesimama wima, na vumbi pale mdogo wangu alipoanguka lilikuwa kavu kabisa. Uso wake ndio ulikuwa unachuruzika maji.

Tangu hapo nimempoteza, ingawa yu hai. Hospitalini walimpima, wakasema macho ni mazima, anasoma hata herufi ndogo kabisa. Lakini kila asubuhi anapanda mlima ule, anaketi ndani ya uzio na kuzungumza hadi jioni. Klementina alivumilia mpaka mtoto akaanza kutambaa. Kisha akamfunga mgongoni, akarudi kwa wazazi wake Huye. Simlaumu. Kitalu nimekifunga. Na ile bustani ya hoteli, niliyoimalizia peke yangu? Kiangazi kilichofuata wageni walilalamika kwamba inaonekana kavu. Wenye hoteli wakang'oa kila kitu, wakaweka nyasi laini na minazi ya mapambo.

Jumapili humpelekea Faustini chakula. Napita langoni. Ananishukuru, anakula, na kila mara huniambia kwa upole, "Dada, mbona huwasalimii? Wanadhani unawadharau." Basi nasalimia upepo, na hakuna anayeniitikia. Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni kwamba ana furaha. Anacheka na watu nisiowaona, na jina la mwanawe ni mimi ninayemkumbusha.

Daktari aliniambia utomvu ule ungeisha wenyewe, hata bila maji ya mtu. Angeumwa, pengine asione kwa siku chache, kisha angepona.

Kwa hiyo nisikilize. Imiyenzi haijipandi kwa mstari. Ukiikuta mlimani imepangwa pande nne, kuna mkono ulioipanda, hata kama hujaona paa wala moshi. Usiikate. Na kama umekwisha kuikata, ukaja kupewa maji na mtu usiyemsikia akija, mshike mwenzako mkono umshushe mlimani akilia. Mwache alie. Atalilia nyumbani kwake.