Ndege ya Betri na Kaburi la Baba

Mdogo wangu ni injinia, na siku hizi sipokei simu zake.

Alikuja nyumbani kwangu Igogo, Mwanza, na habari ya ndege ya betri. Mama yetu anaishi Ukerewe, ana ugonjwa wa moyo, na kila mwezi huvuka ziwa kuja kliniki Mwanza, zaidi ya saa tatu melini, akitapika njia nzima. "Kaka, kwa ndege hii ni dakika ishirini tu," aliniambia. Kilichokosekana ni uwanja wa majaribio, na shamba la mama karibu na Nansio lilikuwa tambarare. Ila katikati yake kulikuwa na kaburi la baba.

Katika ukoo wetu kaburi halihamishwi mpaka mtoto wa kwanza aombe, na jembe la kwanza apige yeye. Mdogo wangu alinisifia mbele ya wazee, eti mwalimu wa hesabu hasemi asichokipima. Alinivika kilemba cha ukoka, nami nikakikaza kichwani. Nikaomba. Mama alilia siku mbili, kisha akakubali, kwa sababu nimesema mimi. Nikapiga jembe.

Siku ya majaribio mama alivaa kitenge kipya, kadi ya kliniki mkononi. Ndege ilipaa kwa mlio mdogo, hata kuku hawakushtuka, ikazunguka juu ya maji, ikarudi. Vigelegele! Nikamshika mama mkono kumpeleka kwenye ndege, rubani akatuzuia. Akaeleza kwa upole kwamba haibebi abiria. Mzigo wake ni betri yenyewe. Mafuta huungua njiani na ndege huwa nyepesi, lakini betri hutua na uzito ule ule. Na ikifika Mwanza ikakuta hali ya hewa imechafuka, haina chaji ya kurudi. Labda miaka ijayo, alisema, betri zikiwa bora.

Hesabu ya darasa la tano. Sikuiuliza.

Nikamvuta mdogo wangu pembeni. "Ulijua?"

"Nilijua, kaka. Lakini tungesema ukweli, wazee wangekubali?"

Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Mwezi uliofuata nilimfuata mama, tukapanda meli. Tulipoketi tu nikaanza kumlaani mdogo wangu. Mama akanikatiza.

"Yeye hakuniomba kitu," alisema. "Niliyemwamini ni wewe."