Goti Langu Juu ya Zohali

"Binti, umepiga magoti kwa heshima au kwa kejeli?"

Mwenyekiti aliniuliza hivyo mbele ya kijiji kizima huko Iyula, na mimi, msomi wa mwaka wa pili Chuo Kikuu, niliyekuwa nimembishia hata mchungaji wetu habari za gharika, nilifungua kinywa nikakuta hamna kitu. Niseme mapema kwamba ile ni aibu yangu mwenyewe, sina wa kumsingizia. Wengi wenu mnaijua nusu yake tu, ile nusu ya kuchekesha.

Ilikuwa miaka ya sabini, niko likizo nyumbani Tunduma. Chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa kinaunda bendi yake, na kaka yangu Osia alikuwa ameitwa kujaribiwa kwenye gitaa. Alikuwa amechoka kupakia magunia kwenye malori pale mpakani, na bendi ile ndiyo njia pekee aliyoiona ya kuishi kwa gitaa (nyingine hakuwa nayo, na sote nyumbani tulijua). Basi akavuka upande wa Zambia kwa fundi redio mmoja, akamwachia baiskeli yake, akarudi na kisanduku cha bati cha kuunga kwenye gitaa na kukanyaga kwa mguu. Fundi alikuwa amekiunga waya kwa waya kwa mkono wake, akakipaka rangi nyeusi, akachora nyota na ile sayari yenye pete, na juu akaandika ZOHALI. Kilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja KUPAA, kingine KUTUA.

"Kinafanya nini?" nikamuuliza.

"Kinachafua sauti."

"Sasa kwa nini uichafue sauti yako nzuri?"

"Mdogo wangu, wewe ukipewa maji utauliza kwa nini yamelowa."

Tulikwenda Iyula na mama, juu ya lori la kahawa. Uwanja wa ghala ulijaa watu, jenereta linanguruma. Osia alipiga nyimbo mbili kwa sauti safi, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, Zohali akiiweka akiba kwa wimbo wa mwisho. Mara ikasemwa Mwenyekiti wa chama ndio anafika, kachelewa, basi Osia akaliegemeza gitaa kwenye spika, akaniambia, "Simama hapa, kiangalie hicho kisanduku," akaenda kupanga foleni na wanaume wenzake. Nami nikakifunika kwa kitenge changu kisiingie vumbi.

Sasa kule kwetu mzee wa heshima akifika, wanawake hupiga magoti na kugonganisha viganja polepole mpaka aitikie, na kabla hajaitikia hainuki mtu. Mimi nilikuwa nimeapa kule chuoni kwamba sitampigia magoti mwanamume yeyote. Mama akanifinya.

"Piga magoti. Leo si siku yako, ni siku ya kaka yako."

Nikakubali. Lakini nilikuwa nimevaa gauni jeupe jipya, na udongo wa Iyula mnaujua ulivyo mwekundu, nikatazama chini, nikaona kitenge changu kimetandikwa vizuri, nikasema moyoni, hapa hapa. (Kisanduku? Kilikuwa kimenitoka kichwani kabisa, nilikuwa nawaza gauni.) Goti likashuka na uzito wangu wote.

Kikalia "ta!" Halafu nikasikia kitu kama nyigu ndani ya chupa, halafu lile gitaa lililoegemea spika likaanza kujipigia lenyewe, bila mtu, likavuma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, na likazidi na kuzidi. Mbuzi wakakata kamba. Wanawake hawakuthubutu kuinuka maana mzee hajaitikia, na mzee haitikii maana hasikii makofi, kwa hiyo wakabaki wamepiga magoti, wanagonganisha viganja katikati ya ule mngurumo! Mimi nikafunua kitenge, nikashika kifundo nizime, nikazungusha KUPAA mpaka mwisho.

Osia alikuja mbio akachomoa waya. Kimya.

"Osia!" mtu akapaza sauti. "Umetuletea gitaa au trekta?"

Uwanja mzima ukacheka. Na yangeishia hapo. Lakini Mwenyekiti akanigeukia, bado nimepiga magoti na kitenge mkononi, akaniuliza lile swali. Mtu mwenye akili angesema samahani mzee. Mimi, kwa kuwa sikuwa na jibu, nilisimama nikachukua kipaza sauti.

"Na ninyi wanaume, kwa nini hampigi magoti? Na hii bendi mnayounda ni ya kazi gani, kumsifu Mwenyekiti kila akipiga chafya?"

Chuoni wangenipigia makofi. Pale mama alijifunika khanga usoni, na Osia alikuwa ameinama anakunja waya, taratibu, kama vile waya ule hauna mwisho.

Jioni ile, kabla ya lori kuondoka, Osia alitoka ghalani akatuambia hakuchukuliwa.

"Ni kisanduku kimeniangusha," aliniambia. "Wazee hawakuipenda ile sauti. Usijisumbue, mdogo wangu."

Nami nikaamini, mimi nisiyeamini kitu. Mwezi uliofuata alivuka mpaka akaenda migodini. Barua zake zilikuwa fupi, na hakuna hata moja iliyotaja gitaa. Alifia huko huko. Mimi na mama tulifika kaburi limekwisha kufukiwa.

Tangu hapo sichukui kipaza sauti kuficha kwamba sina jibu. Nikiulizwa nisilolijua, nasema sijui, nakaa.

Miaka mingi baadaye, mama naye hayupo tena, nilikutana pale mjini Mpemba, jirani na Tunduma, na mzee aliyekuwa katibu wa kamati iliyochagua wapigaji wa bendi ile. Akaniambia Mwenyekiti aliupenda sana ule mngurumo, kwamba gitaa lilipokuwa bado linalia alimnong'oneza yeye katibu aandike jina la Osia la kwanza kwenye orodha, na kwamba nilipomaliza kusema akamwambia alikate jina hilo. Osia aliitwa ghalani akaambiwa yote jioni ileile, akaomba jambo moja tu: mdogo wake asiambiwe.