Saa ya Mkonge ya Mzee Alfred

Kanisani kwetu Mikumi, asiye na fedha haji mikono mitupu. Ataleta jogoo, boga, mkungu wa ndizi, au mayai matatu kwenye kisahani, na ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vile vinapigwa mnada. Dalali ni mimi, Yunis, mama Brayan, muuza mchele wa sokoni. Sauti hii Mungu alinipa kwa kazi mbili, kugombana na wateja na kunadi. Mnada wetu una desturi yake. Mtu atanunua mayai kwa bei ya kuku, halafu aseme, "Mpeni mchungaji," au, "Mpeni bibi yule pale." Mara nyingine kitu kinarudishwa kwa aliyekitoa, na tunacheka mpaka jua linatuunguza utosi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nayasema haya mapema ili uelewe kilichotokea kati yangu na mzee Alfred. Wapo mpaka leo wanaosema sina moyo.

Mzee Alfred ni mtu wa Vidunda, mlimani, aliyeshuka ujanani kufuata kazi ya reli. Alianzia kwenye genge la Munisagara, kubadilisha mataruma yanayoshikilia reli, akamalizia stesheni ya Kilosa, na alipostaafu akajenga hapa Mikumi. Ugonjwa wake ulikuwa saa za mkononi. Si hizi za betri wanazouza vijana stendi. Zake ni kuukuu, za kujaza, zile unazosokota kitufe cha pembeni ndipo zitembee. Dukani hakununua hata moja. Alizifuata minadani: mizigo iliyokosa wenyewe, vyombo vya marehemu, nyumba za mashamba ya mkonge yaliyofungwa. Akisikia kuna mnada Kilosa au Kimamba, alivaa shati la Jumapili siku ya kazi.

"Saa ya dukani haijui mkono wa mtu," aliniambia siku moja.

Nikamjibu kwamba hata sufuria yangu inajua mkono wa mtu, na sijaona anayeigombania.

Kabati zima lilijaa saa. Mkewe, Magreti, alizifuta vumbi huku akinung'unika. "Mume wangu ana wake wengi," alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja anayepika."

Kubwa lao ilikuwa saa ya mkonge. Uso wake ulikuwa mweupe zamani, sasa umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na pale juu panapotakiwa namba pamechorwa mche mdogo wa mkonge. Inasemekana ziliagizwa chache tu, za manyapara wa shamba moja, na shamba lenyewe sasa ni pori. Aliipata Kimamba, kwenye mnada wa vyombo vya meneja wa zamani. Alishindana na mfanyabiashara wa Morogoro, akaongeza, akaongeza, mpaka akafika mwisho wa uwezo wake akanyamaza. Magreti alikuwa amekwenda kutafuta masufuria tu. Akamtazama mumewe, akanyanyua mkono yeye. Fedha zile zilikuwa za bati za jiko. Jiko likabaki la nyasi misimu mingine kadhaa, na kila mvua ilipovuja Magreti alimuuliza mumewe ni saa ngapi.

Magreti alifariki mwaka jana, kabla ya vuli. Tukampeleka kwao Vidunda. Gari lilipanda mpaka pale linapokubali, tukamalizia kwa miguu. Mimi nililia mpaka nikapoteza kiatu. Mzee Alfred hakulia. Alisimama, akatupa udongo wake, akaulizwa kama yuko salama, akasema yuko salama. Watu wana midomo, wakaanza kunong'ona kwamba mzee huyu alipenda saa kuliko mke. Mimi ndiye niliyempa chai. Kikombe kilikuwa cha bati, cha moto, nimekishika kwa upindo wa kanga. Yeye alikipokea kwa viganja viwili na kukaa nacho bila kutikisika. Nikajua hapo kwamba huyu mtu hayupo.

Miezi ikapita, naye akawa hivyo hivyo. Ukimwamkia anaitikia. Ukimpelekea chakula anakula, na ukisahau chumvi hasemi. Saa zake alizijaza kila asubuhi, zote, kama mtu anayefua nguo za wapangaji.

Ndipo Jumapili moja akaleta saa. Aliiweka kwenye meza ya sadaka, kati ya boga na kuku aliyefungwa miguu. Nikainadi. Nani asiyezijua saa za mzee Alfred? Mama Loveth, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, akainunua, akasema kwa sauti, "Mrudishieni mzee wetu, asibaki mpweke!" Vigelegele. Mzee akaipokea, akashukuru, akaitia mfukoni. Jumapili iliyofuata akaleta nyingine, ikarudi vile vile. Ya tatu aliinunua mchungaji mwenyewe, akamvalisha mkononi na kumwombea dua ndefu. Sote tulijisikia watu wema sana.

Katikati ya wiki nikamwona sokoni, amesimama mbele ya magunia yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Brayan. Nina shida."

"Kaa basi, mzee." Hakukaa.

"Waambie waache kunirudishia zile saa."

"Wanakufariji. Watu wanakupenda."

"Najua. Lakini wananiharibia." Alichota mchele kidogo, akautazama kiganjani. "Mimi sisikii kitu, mama Brayan. Mtu akinipa pole, ni kama ameiambia nyumba ya jirani. Nimekwenda mpaka kaburini kwa Magreti, nikasimama pale, nikajikuta natazama mahindi ya watu yamestawi vipi. Nikasema, ngoja nitoe kitu ninachokipenda, kiende kabisa, nione kama kitaniuma. Hicho kikiniuma, labda na lile lingine litafuata."

"Na kisipouma?"

"Basi nitajua nilizikwa naye, niache kuwachosha watu na maombi."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika. Nikamwambia msiba si jipu, ulitumbue ukitaka. Akanisikiliza kwa adabu kama anavyosikiliza kila mtu siku hizi, akaurudisha mchele guniani.

"Jumapili naleta ya mkonge," akasema. "Usikubali irudi. Wewe ndiye dalali."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wiki ile ule mzigo niliusikia. Nilipima mchele vibaya, nikawapunja wengine na wengine nikawazidishia. Nilijiuliza kwa nini niwe mimi. Halafu nikafikiria kile kikombe cha chai, nikaamua.

Jumapili ile kulikuwa na ubatizo, na wageni kadhaa. Mmoja wao aliitwa Frank, mtu wa makamo kutoka Dar es Salaam, mjomba wa mtoto aliyebatizwa. Nilipoinua saa ya mkonge juu, nilisema kabla sijataja bei: "Leo nina amri. Saa hii ikinunuliwa hairudi kwa mwenyewe. Atakayeinunua anaondoka nayo. Mwenye huruma ya kugawa, anunue boga."

Watu wakaguna. Mchungaji akanitazama, mimi nikalitazama boga.

Hakuna aliyetaka kuanza. Mama Loveth alikunja mikono kifuani na kugeuza uso. Nani angethubutu kumnyang'anya mzee aliyefiwa saa yake mchana kweupe, mbele ya kanisa? Nikadhani mpango mzima umekufa. Ndipo Frank akasogea, akaniomba aitazame, akaigeuza nyuma na mbele.

"Dada, hii ni yenyewe?"

"Kanisani hatuuzi ya uongo, kaka."

"Ninazo nyingi nyumbani, lakini hii nimeisikia tu. Sikujua kama nitaiona." Akataja bei, na kwaya nzima ikageuka kumtazama.

Nikamtafuta mzee Alfred kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wazee, mikono magotini, anatazama kama mtu anayesubiri basi la mtu mwingine.

"Mara ya kwanza," nikasema.

Hakutikisika.

"Mara ya pili."

Hakutikisika. Nikajiambia, Yunis, itakwenda hii saa, na yeye hatasikia kitu, halafu utamwambia nini? Nikaanza kuchelewesha. Nikaisifu saa, nikasifu mkanda, nikamsifu hata nyapara aliyeivaa, ambaye simjui. Kuna waliocheka. Frank hakucheka. Aliipeleka saa sikioni ili aisikie inavyotembea, akafumba macho, akatabasamu.

Mzee Alfred akanyanyua mkono.

"Naongeza," akasema. Sauti ilikuwa na kutu.

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni utani wetu wa siku zote. Frank hakujua utani wetu wala hakujua huyu mzee ni nani. Akaongeza. Mzee akasimama, akaongeza. Frank akaongeza tena. Makofi yakapungua.

"Naongeza na baiskeli yangu," mzee akasema. "Na kuku walioko bandani. Wote."

Sasa hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa amefika mbele ya meza bila kujua amefikaje, na midomo yake ilikuwa inacheza. Frank akanigeukia mimi, uso umejaa maswali. Kila mtu alinigeukia mimi. Nilijua wanachotaka. Ningesema tu, "Imekwenda kwa mzee wetu," vigelegele vingepigwa mpaka barabara kuu, naye angeirudisha kabatini, na Jumatatu asubuhi angeijaza pamoja na zile nyingine. Kukubali kungekuwa rahisi. Nilitaka kukubali.

"Mzee," nikamwambia, "una fedha mkononi za kuzidi alizotaja mgeni?"

Alipapasa mifuko. Hakuwa nazo.

"Mara ya tatu," nikasema, na sauti yangu ikanikatika katikati. "Imekwenda."

Mzee Alfred alishika ukingo wa meza. Akakaa chini, kwenye vumbi, kati ya mikungu ya ndizi na wale kuku. Akaanza kulia. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia vile. Hakutaja saa. Aliita, "Magreti. Magreti wangu. Magreti," akaita tena na tena.

Akina mama wakamkimbilia. Mtu akamnong'oneza Frank, naye akabadilika rangi, akaja mbio ameinyoosha saa. "Mzee wangu, chukua. Samahani, sikujua. Chukua."

Mzee akausukuma ule mkono. "Nenda nayo, mwanangu," akasema. "Nenda nayo upesi."

Mama Loveth alikuwa ameshatandika kanga kukusanya michango ya kuikomboa. Akapita karibu yangu, akasema, "Wewe mama Brayan, wewe ni mtu gani?" Niliichukua kanga yake, nikaikunja, nikamrudishia mkononi. Kisha nikaketi chini kando ya mzee, na kitenge changu cha kanisani.

"Inauma, mzee?"

"Inauma," akasema. Kamasi zilikuwa zinamtoka kama mtoto, hakuzifuta. "Mama Brayan, inauma. Amekufa. Mke wangu amekufa."

"Ndiyo, mzee. Amekufa."

Akanishika bega akalia, nami nikalia naye, na siku ile hatukunadi kitu kingine.