Mwende, yule hakuwa nyigu

Akili yangu bado inakataa. Jumapili asubuhi dada yake alinipigia kutoka Kilungu akaniambia Mwende hayuko tena. Nikamwambia amekosea namba.

Kwa wasiomjua: mimi na Mwende tumefanya kazi pamoja miaka minne, kuhesabu wadudu kwenye nyasi huku Kibwezi. Wawili tu, na bosi kwenye simu.

Siku yangu ya kwanza field niliona kitu cheupe chenye madoadoa mekundu kikiruka mchana kweupe, nikasema kipepeo. Mwende alicheka mpaka akakaa chini.

"Wachana na rangi, Zuhura. Rangi si kitambulisho. Angalia vipapasio. Kipepeo ako na kirungu huku mwisho, huyu ako na uzi tu. Huyo ni nondo, na hana haja na taa yako ya usiku."

Alinishikia mkoba nikiswali. Mimi nilimvumilia akiimba nyimbo za kwaya, na sauti hakuwa nayo.

Muthokoi wake, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, haukuwa na chumvi hata siku moja. Leo nimekula wangu, chumvi iko sawa, na sikumaliza.

Alikuwa na sheria moja. Hakuna mdudu anayeingia kwenye form mpaka tukubaliane wawili. Kila mmoja aandike jina kwenye kiganja bila kuchungulia, tufunge ngumi, kisha tufungue pamoja. Tukitofautiana, tunabishana mpaka mmoja ashindwe kwa haki.

Sasa niseme lililonikaa kooni.

Mwezi jana tuliona mmoja kwenye ua la njano: mwili mweusi wenye pete nyekundu, mabawa meusi yenye madoa yanayopitisha mwanga. Mwende alikuwa amekaa juu ya jiwe, amechoka. Tulidhani ni jua tu.

Alifungua ngumi: nyigu. Mimi nilichelewa kufungua. Nilikuwa nimeandika nondo, kwa sababu nyigu ana kiuno na huyu hakuwa nacho. Nikasugua kiganja kwenye sketi, nikasema, "Hata mimi."

Akaniangalia. "Uko sure?"

"Si wewe ndiye mwalimu?"

Akaandika nyigu, tukatia sahihi wote wawili. Nilidhani namheshimu. Kumbe siku hiyo nilimwacha peke yake, na hilo linaniuma kuliko yote.

Jana nyumba ilinishinda, nikarudi pale. Nikampata mdudu kama yule, nikamshika taratibu. Unga wa mabawa ulibaki kwenye vidole vyangu. Nyigu hana unga. Niligeuka kumwonyesha Mwende, nikakuta nyasi tu.

Bosi anasema form ibaki ilivyo, kwa heshima ya marehemu. Nimekataa. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi kilomita tatu kwa miguu, juani, kuhakikisha rangi ya mguu wa panzi. Humheshimu mtu kama huyo kwa kumwachia kosa.

Kwa hiyo asubuhi hii nimelikata neno lako, Mwende, nikaandika nondo juu yake. Nimekukosoa mbele ya watu wote hawa, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu ukiwa hai, na najua ungefurahi kuliko mimi.

Ila kwanza ungebisha. Nimekaa hapa tangu saa mbili, nakungoja ubishe.

Lala salama, dada yangu.