Kwenye Kiti cha Bibi Harusi, Lusail

Nilipopata nafasi ya kusomea hoteli Doha, Kondoa nzima ilinicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mjomba wangu Athumani, mwalimu wa madrasa, aliyesema mbele za watu, "Shabani mdomo umemtangulia, mwili utarudi kabla ya mfungo." Sikurudi. Diploma ninayo, nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione, na nyumba yenyewe nimeijenga mimi. Lakini kuna siku nilikaribia kurudi mikono mitupu, na nikiikumbuka shingo bado inapata joto.

Nilikuwa mafunzoni katika hoteli moja ya Lusail, mji ulio kando ya Doha, na jioni hiyo palikuwa na harusi. Kule wanaume wana ukumbi wao na wanawake wao, na kwa wanawake mwanamume haingii kabisa, hata wageni wenyewe simu wanaziacha mlangoni, maana mle ndani wamevua mabaibui na picha ikitoka ni kesi. Msimamizi wetu, dada Harriet, Mganda, alishatuonya: "Mwanaume nitakayemkuta huko asinitafute mimi, atafute begi lake."

Sasa mimi napita zangu, naona mlango wa nyuma wa ukumbi huo umewekewa ndoo ya maua usijifunge, ndani hakuna mtu, na jukwaa la bibi harusi limepambwa maua meupe mpaka darini. Nikasema dakika moja tu (hapo ndipo nilipojimaliza). Nikampigia mjomba kwa video, nikapanda, nikakaa kwenye kiti cha bibi harusi, mguu juu ya mguu.

"Mjomba, unamwona aliyerudi kabla ya mfungo?"

Hajajibu, nikasikia vigelegele. Nikakimbilia mlango wa nyuma, kumbe ndoo imeondolewa na mlango umejifunga, unafunguka kwa kadi ya wahudumu wa kike tu, na wanawake ndio hao wanaingia kwa mbele. Nikatumbukiza simu mfukoni nikajibanza nyuma ya pazia la jukwaa. Nilijiona kituo cha polisi, nilijiona kwenye ndege bila diploma, nikamwona mama akiambiwa na majirani pole ambazo si pole. Kisha mfuko wangu ukaongea:

"Shabani, mbona giza? Wamekufukuza?"

Sikuwa nimeikata simu. Hapo hapo nikasikia mabaibui yakinyakuliwa. Pazia likafunguliwa na Harriet, pamoja na mlinzi wa kike na shangazi wa bibi harusi, mama wa makamo mwenye dhahabu mpaka kifuani.

"Ssebo," Harriet akaninong'oneza, akiniita bwana kwa Kiganda, "leo umeniua na mimi."

Shangazi akanyoosha mkono, nikampa simu. Mjomba alipoona uso wa mwanamke asiyemjua, akageuza simu yake itazame mabati, akaanza kusalimia kwa Kiarabu cha madrasa. Mimi Kiarabu changu kiliishia kwenye maji na taulo (ingawa nyumbani nilijisifu nakimwaga), nikaambulia jina langu tu.

"Anasema nini?" nikamuuliza Harriet, aliyekijua Kiarabu.

"Anasema wewe ni mjinga, si mwovu," Harriet akajibu. "Amelirudia hilo la mjinga. Anaomba asamehewe yeye aliyekulea."

Midomo ya shangazi ikacheza, akacheka. Akamwambia Harriet kwamba mzee huyo anaongea kama kitabu. Akakagua picha zangu, hakukuta kitu, akaamuru nitolewe. Ili nisione mtu, nikafunikwa kitambaa cha meza kichwani, nikashikwa mkono na mlinzi, nikapitishwa taratibu katikati ya ukumbi kama bibi harusi mwenyewe, na wanawake wakanipigia vigelegele mpaka mlangoni.

Harriet hakunifukuza. Tangu siku ile simu yangu haijawahi kuvuka mlango wa kazini, inabaki kabatini. Na siku hizi nikianza kuwasimulia watu habari za Doha, mjomba Athumani huniacha niende weee, nikifika panapopendeza ananiuliza kwa upole, "Na kile kiti, kilikuwa laini?"

Basi namwongezea chai.